Ukoga Unaoziba Maji



Mwezi Agosti 2008 maji ya Ghuba ya Oman yalianza kubadilika rangi. Mwani wa chembe moja, usioonekana kwa macho, ambao wataalamu huuita Cochlodinium polykrikoides, ulizaliana kwa wingi hata bahari ikawa nyekundu ya kutu. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miezi 8 na kugusa zaidi ya kilomita 1,200 za pwani, kutoka Oman, kupitia mlango wa Hormuz, hadi ndani ya Ghuba ya Uajemi. Samaki walikufa, nyavu zikakaa bure. Lakini jambo lililowakosesha wakuu usingizi lilikuwa maji ya kunywa. Mitambo kadhaa ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, Oman na Falme za Kiarabu, ilibidi izimwe, mingine kwa wiki kadhaa. Wengi wenu mna ndugu Muscat na Dubai, na mnajua kwamba huko hakuna mto wa kukimbilia.

Umeme ulikuwapo, pampu zilikuwa nzima, na bahari ilikuwa palepale imejaa. Ila vichujio vya mchanga vilivyotangulizwa mbele ya mtambo vilijaa ute wa mwani, na mafundi waliogopa, kwa haki kabisa, kwamba wakiyalazimisha maji hayo yaendelee mbele wangeua tando za kuchujia, ambazo ndizo moyo wa mtambo na ndizo ghali kuliko vyote.

Kwa nini maji hukataa kupita? Hilo ndilo swali nililokuja nalo. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao. Kinachoziba tando zetu mara nyingi ni viumbe hai, na viumbe hai haviondoki kwa sumu na presha peke yake. Inabidi kwanza tujue vinakula nini, na maji yanapita wapi vinapokuwa vimekaa.

Nianze na utando wenyewe. Ni karatasi nyembamba ya plastiki, au mirija myembamba kama hiyo, iliyotengenezwa ili ipitishe maji na kuzuia vingine. Kuna tando zenye matundu ya kweli, ya kama nanomita 20, yaani sehemu 20 za milioni za milimita moja. Hizi ndizo tando za ultrafiltresheni. Bakteria wa kipindupindu, hata kwa upande wake mwembamba, ana kama nanomita 500, kwa hiyo hapiti. Halafu kuna tando za osmosisi kinyume, ambazo hazina matundu kwa maana hiyo. Molekuli za maji hujipenyeza ndani ya plastiki yenyewe na kutokea upande wa pili, na chumvi inabaki nyuma. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando wa namna hii uliofaa kwa kazi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenye mwisho wa miaka ya 1950, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ukaanza kunywa maji yake. Baadaye John Cadotte alileta utando wa poliamidi, na huo ndio unaotumika karibu kila mahali leo, pamoja na kwenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, viwanda vya maji ya chupa vya Dar es Salaam, maji ya mashine za kusafisha damu hospitalini, na mtambo wa kuondoa chumvi kwa umeme wa jua ulioanza kazi mwaka 2018 kule Kiunga, kaskazini ya Lamu.

Maji ya bahari yana mvuto wa chumvi wa kama bar 27. Lazima kwanza uushinde huo kabla tone moja halijapita, ndipo uongeze presha ya kuyasukuma maji kwa kiasi cha maana. Kwa kawaida mitambo ya bahari huendeshwa kwa bar 55 hadi 70. Bar 60 ni uzito wa maji yenye kina cha mita 600. Kila kidogo kinachoongezwa juu ya hapo hulipiwa kwa umeme.

Kanuni inayotawala haya yote ni ya zamani kuliko tando. Henry Darcy alikuwa mhandisi wa Ufaransa, mzaliwa wa Dijon, na aliwahi kuuletea mji wake maji ya chemchemi mwaka 1840. Katikati ya miaka ya 1850, kwenye hospitali ya mji huo, alisimamisha bomba la chuma, akalijaza mchanga, akapitisha maji na kupima. Matokeo aliyachapisha mwaka 1856 katika kitabu kikubwa kuhusu chemchemi za umma za Dijon, tena yamo kwenye nyongeza za mwisho, mahali ambapo msomaji wa haraka asingefika. Aligundua kwamba maji yanayopita huongezeka sawasawa na presha inavyoongezeka, na hupungua sawasawa na unene wa mchanga unavyoongezeka.

Wahandisi wa tando huisema kanuni hiyo hivi: gawanya presha kwa mnato wa maji, kisha gawanya tena kwa ukinzani. Na ukinzani ni jumla ya viwili, ule wa utando wenyewe na ule wa chochote kilichokaa juu yake.

Msiupite mnato haraka, kwa sababu unawadanganya mafundi wengi. Maji ya nyuzi 30 yana mnato pungufu kwa kama sehemu moja ya tano kuliko maji ya nyuzi 20. Kwa hiyo mtambo uleule, kwa presha ileile, utatoa maji mengi zaidi Tanga kuliko Njombe. Na asubuhi ya baridi ya Julai huko Njombe mita itaonyesha maji yamepungua, fundi aseme utando umeziba, aanze kuuosha kwa dawa kali, na utando hauna tatizo lolote. Asiyepima joto la maji hawezi kujua kama kichujio chake kimeziba au la.

Sasa tuje kwenye hicho kinachokaa juu. Saa chache tu baada ya maji kuanza kupita, bakteria wa kwanza hushika kwenye plastiki. Hawakai uchi. Hutoa ute wa sukari ndefu na protini, wakajifunga humo, wakazaliana humo. Ni jamii ileile ya ukoga unaoota kwenye meno usiku, nami nitauita ukoga. Sehemu kubwa ya ukoga ni maji, kisha ute, na bakteria wenyewe ni sehemu ndogo tu. Hans-Curt Flemming wa Ujerumani, aliyetumia maisha yake ya kazi kuuchunguza, aliuita kisigino cha shujaa Achilles cha tando, yaani pale palipoachwa wazi kwenye mwili usiojeruhika kwingine kote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la akina Dreszer na Vrouwenvelder huko Uholanzi ulipima ukinzani wa ukoga peke yake. Matokeo yake nayaona muhimu sana: bakteria kama bakteria karibu hawazuii maji. Ungewapanga juu ya utando bila ute wao, maji yangepita kati yao kwa urahisi. Kinachozuia ni ule ute unaojaza nafasi zilizo kati yao. Tena maji yakisukumwa kwa nguvu zaidi, ute hugandamana, na ukinzani hupanda zaidi ya ilivyotarajiwa. Fundi anayeongeza presha ili kurudisha maji yaliyopungua anaukandamiza ukoga uwe mgumu zaidi.

Kuna jambo linalochanganya hata wataalamu: ukoga uleule huleta maradhi mawili tofauti kwenye aina mbili za tando. Kwenye ultrafiltresheni, utando wenyewe una ukinzani mdogo. Ukoga ukikaa juu yake unakuwa ndio ukinzani mkubwa, na maji yanayopita kwenye utando hupungua moja kwa moja. Kwenye osmosisi kinyume, utando wenyewe ni mzito mno kwa maji, mara nyingi zaidi kuliko ukoga mwembamba. Kwa hiyo ukoga unaweza kuota humo muda mrefu na maji safi yasipungue sana. Madhara huanzia mahali pengine, kwenye njia ya maji yanayopita kando ya utando.

Niwaonyeshe njia hiyo kwa karibu. Utando wa osmosisi kinyume haukai bapa. Umekunjwa kuzunguka bomba la katikati kama mkeka. Mkunjo wa kawaida wa viwandani una kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita moja, na ndani yake zimo mita za mraba 37 za utando. Ili maji yapite kati ya tabaka na tabaka, huwekwa wavu wa plastiki wenye unene usiofika milimita moja. Mkunjo uliozibwa hupasuliwa ili uchunguzwe: msumeno hukata gamba la nje, mikunjo hufunguliwa mezani, na harufu hufika kabla ya macho. Utando mpya ni mweupe unaong'aa. Huu umejaa ute wa hudhurungi, na ukiugusa unateleza na kuvutika. Ukitazama vizuri, ute haukuenea sawasawa. Umekaa kwenye vifundo vya wavu, pale nyuzi zinapokutana, na kutoka hapo umeziba vijia vya maji. Kisha linganisha upande yalikoingia maji na upande yalikotokea. Upande wa kuingilia ndio uliojaa, kwa sababu chakula huingilia hapo na walio mbele hula kwanza.

Maji yanayopita kati ya kuta mbili zilizo karibu hudai presha kulingana na upana wa nafasi, lakini kwa ukali mkubwa: kiasi cha maji kikibaki kilekile, presha inayopotea huongezeka kwa kipeo cha tatu nafasi inavyopungua. Ukoga ukila sehemu moja ya tano tu ya nafasi hiyo, presha inayopotea njiani huwa karibu mara mbili. Watengenezaji huonya kwamba mkunjo mmoja usipoteze zaidi ya kama bar 1 kati ya kuingia na kutoka, na bomba zima lenye mikunjo 6 au 7 lisipite kama bar 3.5. Zaidi ya hapo nguvu ya maji husukuma tabaka za ndani zichomoze nje, na mkunjo huo umekwisha. Haya yote yanaweza kutokea huku mita ya maji safi ikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Ukoga una madhara mengine ya kimyakimya. Mwaka 2007 Moshe Herzberg na Menachem Elimelech walionyesha kwamba ute huishikilia chumvi karibu na utando. Chumvi iliyozuiwa ingetakiwa irudi kwenye mkondo na kuchukuliwa, lakini ukoga huichelewesha. Chumvi ikijazana hapo, mvuto wake unapanda, maji yanapungua, na kiasi cha chumvi kinachopenya huongezeka. Ndiyo maana maji ya mtambo wenye ukoga huanza kuwa na ladha.

Dawa inayomjia kila mtu kichwani ni klorini. Hapa ndipo wengi hupotea. Kwanza, utando wa poliamidi hauistahimili klorini. Hata kiasi kidogo, kikipita kwa siku nyingi, huukatakata. Kwa hiyo mitambo inayotia klorini mwanzoni inalazimika kuiondoa kwa metabisalfaiti ya sodiamu kabla maji hayajafika kwenye utando, na sehemu nyeti kuliko zote inabaki bila ulinzi. Pili, klorini huvunja mabaki makubwa ya majani na udongo yaliyoyeyuka majini na kuyafanya vipande vidogo ambavyo bakteria wanaweza kula. Kabla ya klorini yalikuwa magumu kwao. Tatu, bakteria waliouawa hawaendi popote. Mizoga yao hubaki pale, iwe chakula cha watakaofuata. Na watakaofuata wapo. Fanya hesabu ya karatasini: bakteria mmoja akigawanyika mara moja kwa siku, na kila mmoja akafanya vivyo hivyo, siku ya 30 wamepita bilioni moja. Ukiondoa 99.99 kwa mia ya bakteria wote, umejinunulia kama wiki mbili tu.

Kwa maoni yangu wanasayansi wa Uholanzi ndio waliolitazama jambo hili kwa utulivu zaidi. Mwaka 1974 Johannes Rook, aliyekuwa mkemia wa maji wa Rotterdam, alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea hutengeneza klorofomu na kemikali za jamii hiyo. Waholanzi wakaanza kujiuliza ikiwa wanaweza kufika mwisho wa bomba bila klorini. Mwaka 1982 Dick van der Kooij alibuni njia ya kupima chakula cha bakteria kilichomo majini, kaboni ile wanayoweza kuila kwa urahisi, na baadaye alionyesha kwamba maji yenye chini ya mikrogramu 10 za kaboni hiyo kwa lita hayaoteshi bakteria kwa wingi. Leo Uholanzi haisafirishi maji ya mabomba kwa klorini. Wanasafisha hadi hakuna cha kula.

Johannes Vrouwenvelder na wenzake wakalileta wazo hilo kwenye tando. Mwaka 2009 walichapisha hoja kwamba ukoga wa osmosisi kinyume ni tatizo la ule wavu wa katikati zaidi kuliko la utando. Walionyesha pia kwamba ukoga huota hata pale ambapo hakuna maji yanayopita kwenye utando kabisa, mradi kuna mkondo unaoleta chakula. Tena ukipunguza fosfeti, bakteria hukosa kitu kimoja cha lazima na ukoga hukwama, hata kama kaboni ipo. Kuna somo hapa kwa wanunuzi wetu: baadhi ya dawa zinazotiwa kuzuia magadi, yaani ukoko wa madini unaoganda kwenye utando, zina fosfeti za aina fulani ndani yake. Mtu anaweza kuzuia magadi kwa dawa inayowalisha bakteria, kisha mwezi unaofuata akauziwa dawa ya bakteria.

Kufikia hapa mtasema ukoga ni adui mtupu. Historia ya maji inasema vingine.

Mwaka 1829 James Simpson alijenga kichujio cha mchanga cha kampuni ya maji ya Chelsea, London. Maji ya mto Thames yalishuka polepole kwenye mchanga na kutoka yakiwa yametakata. Wakati ule hakuna aliyejua kwa nini hasa. Juu ya mchanga wa namna hiyo huota tabaka la ute, milimita chache za mwani, bakteria na vijidudu vinavyowala. Mnamo Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg. Mji huo ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na zaidi ya watu 8,000 walikufa. Mji jirani wa Altona, uliopakana na Hamburg nyumba kwa nyumba, ulichota maji ya mto uleule, tena chini ya Hamburg, yakiwa yamekwisha pokea uchafu wa Hamburg yote. Lakini Altona ilikuwa na vichujio vya mchanga, na kwa sehemu kubwa ikasalimika. Robert Koch alikwenda kuliangalia jambo hilo mwenyewe, na halikumwachia mtu yeyote nafasi ya kubisha kuhusu uchujaji wa maji.

Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na lile tabaka la ute. Tabaka likinenepa mno, maji hupungua, na mafundi hukwangua sentimita moja au mbili za mchanga wa juu. Ila baada ya kukwangua wanangoja siku kadhaa kabla ya kuyaruhusu maji yaende mjini, kwa kuwa kichujio kilichotoka kukwanguliwa huchuja vibaya kuliko kilichoota ute. Hapo ukinzani una faida. Unatoa presha kidogo, unapata kinga.

Je, utando nao unaweza kuishi na ukoga wake namna hiyo? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana, kwa sababu kila aliyejaribu alisukuma maji kwa pampu, na pampu hukandamiza. Kwenye mitambo ya kawaida ya ultrafiltresheni, kila baada ya nusu saa au saa moja maji hugeuzwa na kusukumwa kinyumenyume ili kuung'oa ute, na kila baada ya siku au wiki dawa hutumika. Mtambo wa namna hiyo unahitaji umeme usiokatika, vali zinazojifungua zenyewe, dawa zinazonunuliwa mjini, na fundi aliye karibu. Ninyi mnaofanya kazi wilayani mnajua lipi kati ya hayo hukosekana kwanza.

Katika taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag, Maryna Peter-Varbanets na wenzake walifanya jambo ambalo wahandisi wengi wangeona ni uzembe. Waliweka utando wa ultrafiltresheni chini ya tangi lenye maji ya kina cha sentimita 65 hivi, wakaacha uzito wa maji ufanye kazi, na hawakuusafisha. Siku za kwanza maji yalipungua kama ilivyotegemewa. Baada ya wiki moja hivi yakaacha kupungua. Yakatulia, lita 4 hadi 10 kwa saa kwa kila mita ya mraba, na yakaendelea hivyo kwa muda mrefu bila kuoshwa, bila kugeuzwa, bila dawa. Waliandika juu yake mwaka 2010.

Ili kujua sababu, walitia kwenye maji kemikali inayosimamisha shughuli za viumbe. Maji yakaendelea kupungua siku hadi siku wala hayakutulia. Kumbe utulivu ule ulikuwa kazi ya viumbe wenyewe. Wanaoula ukoga wamo ndani ya ukoga: protozoa, minyoo midogo, na vijinyama wa majini wanaoitwa rotifa. Wanawachunga bakteria, wanatoboa vijia, wanaacha mapengo, na ukoga unakuwa wa mashimomashimo badala ya tabaka moja lililoshikana. Nicolas Derlon na wenzake, katika taasisi hiyohiyo, walilinganisha ukoga wenye walaji hao na ukoga usio nao, wakaona kwamba wenye walaji hupitisha maji mengi zaidi. Presha ndogo haikuwa udhaifu wa mtambo. Ndiyo iliyoacha nafasi kwa viumbe hao kufanya kazi, kwa kuwa ute haukugandamana.

Hesabu ya nyumbani ni rahisi. Chukua lita 5 kwa saa kwa mita ya mraba. Robo ya mita ya mraba, eneo la trei kubwa, hutoa lita 30 kwa siku. Hayo yanatosha kunywa na kupikia kwa familia ya watu sita, kutoka kwenye chombo kilichowekwa mezani. Kwa kijiji unahitaji eneo kubwa zaidi. Mashariki ya Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, vioski vya maji vilijengwa kwa njia hii. Maji ya ziwa hupandishwa tangini, na kutoka hapo yanashuka kwa uzito wake kupitia kwenye tando hadi kwenye bomba la kuuzia. Klorini haikuachwa kabisa, ila ilihamishwa mahali pake panapostahili, yaani baada ya kuchuja. Utando hutoa maji safi, lakini dumu la mnunuzi huenda si safi, na maji yakishaingia humo utando hauwezi kuyalinda tena.

Sitaki mtoke hapa mkidhani njia hii inafaa kila mahali. Maji yake ni kidogo kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tando lazima ziwe nyingi na fedha za kuanzia zipatikane. Maji machafu sana huleta ukoga mnene zaidi na mtiririko mdogo zaidi. Haiondoi chumvi, haiondoi floridi ya Arusha, na kwa bahari haitusaidii kitu. Kiunga watabaki na osmosisi kinyume na presha yake, na wao wanahitaji ile nidhamu ya Waholanzi: kupunguza chakula kabla ya utando, na kuutazama wavu.

Katika mambo yote haya, lipo moja ninalolisihi kwa kila anayenunua mtambo wa tando kwa fedha za umma. Msipokee mtambo usio na geji ya presha kabla ya utando na geji nyingine baada yake, pamoja na mita ya maji na kipimajoto. Vyote hivyo ni rahisi ukilinganisha na mkunjo mmoja wa utando. Siku mbili za kwanza, mtambo ukiwa mpya, namba zote ziandikwe daftarini, kwa sababu hizo ndizo mtakazolinganisha nazo maisha yote ya mtambo. Presha inayopotea njiani ikizidi ya mwanzo kwa sehemu 10 hadi 15 kwa mia, au maji, baada ya kurekebisha hesabu ya joto, yakipungua kwa kiasi hicho, ni wakati wa kuosha, msingoje. Anzeni na dawa ya alkali, inayoulegeza ute, kisha ndipo asidi kwa ajili ya magadi. Ukianza na asidi, ute hukaza na kuwa mgumu kuondoka. Nimesikia mara nyingi watu wakisema mtambo "umechoka". Mtambo ambao namba zake zimeandikwa kila siku hauchoki ghafla. Huonyesha dalili wiki nyingi kabla, na anayeziona ni kijana anayelala kwenye kibanda cha mashine, si mhandisi wa makao makuu. Kijana huyo alipwe vizuri na afundishwe maana ya namba anazoandika.

Nimalizie na utafiti ambao ningependa kuuona ukifanyika kwetu. Ghuba ya Winam, mbele ya Kisumu, hupata mara kwa mara mwani wa kijani-bluu wa jamii ya Microcystis, ambao hutoa sumu inayoitwa mikrosistini, inayodhuru ini. Sumu hiyo ni molekuli ndogo mno. Matundu ya nanomita 20 haiyaoni, na utando safi wa ultrafiltresheni huiachia yote ipite. Mwaka 2014 watafiti wa Uswisi, Esther Kohler na wenzake, walichapisha majaribio ya kuchuja maji yenye mwani wa namna hiyo kwa tando za presha ndogo. Ukoga uliokwisha kuzoea maji hayo ulianza kuivunja sumu, kwa sababu ndani yake walikuwamo bakteria wanaoweza kuila. Kilichopunguza kasi ya maji ndicho kilichoondoa sumu ambayo utando haukuweza kuizuia. Majaribio hayo yalifanywa Uswisi. Maji ya Winam yana joto zaidi, mwani wake ni mwingine, tope lake ni jingine, na bakteria wake ni wengine. Tangi la lita chache, kipande cha utando, sentimita 65 za maji ya Winam juu yake, sampuli za sumu zinazochukuliwa kila wiki kabla na baada ya kuchuja kwa msimu mzima wa mwani: vyuo vyetu vya kanda ya ziwa vina watu wa kuifanya kazi hiyo, na ningefurahi kama wangeanza mwaka huu.